Nyumba ya wageni ya Mwanga, Kigoma, kwa wazazi wanaomtembelea mtoto

Kaka yangu na wifi, wanaoishi Ubelgiji, walifikia hapa walipokuja kumwona mtoto wanayeomba kumuasili, yaani kumfanya mtoto wao kisheria. Kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeiachia mahakama kutoa amri ya kuasili, baada ya taarifa ya ustawi wa jamii, wageni wa namna hii hushinda wakienda na kurudi makao ya watoto, nao huhitaji utulivu kuliko fahari.

Kilichonivutia ni jiko. Mpishi alichemsha uji wa ulezi alfajiri na kuutia kwenye chupa ya chai, na siku mtoto alipoletwa na afisa ustawi wa jamii, mpishi huyo alimchambulia samaki aina ya mgebuka miiba yote (chipsi zilibaki sahanini, kama nilivyotarajia kwa mtoto wa ziwani).

Intaneti, hata hivyo, ni dhaifu mno kwa watu wanaotuma nyaraka kwa wakili, na mhudumu wa mapokezi alimwuliza wifi hadharani mtoto ni wa nani, jambo ambalo uongozi unapaswa kulikemea. Bei ni ya wastani. Ombeni vyumba vya nyuma, kwani vya mbele hupokea kelele za bodaboda hadi usiku.