Diamond DA40 NG: fundi wa nozeli aionja ndege ya dizeli

Mimi ni fundi wa nozeli, vile vinyunyizio vya mafuta ndani ya injini ya dizeli. Gereji yangu iko Changamwe, Mombasa, na riziki yangu imetoka kwenye pampu za malori yanayobeba mizigo ya bandarini kwenda Malaba. Mtanisamehe basi nikianza na mafuta kabla ya ndege yenyewe. Katika kazi yetu, mafuta ya taa ndani ya tangi la dizeli ni wizi. Watu walikuwa wakichanganya kwa kuwa ya taa yalikuwa na bei nafuu, na sisi mafundi ndio tuliopokea maiti: pampu zilizokwaruzika, nozeli zilizokwama, maana mafuta ya taa ni mepesi na hayalainishi chuma vizuri. Mwaka 2018 serikali iliyatoza shilingi 18 zaidi kwa lita, ili mchanganyaji asione faida. Tangu hapo kazi za namna hiyo zimenipungukia, na sikulia.

Sasa nikaambiwa kuna ndege ya kujifunzia yenye injini ya dizeli, na kinywaji chake ni Jet A-1. Anayejua mafuta anajua kwamba Jet A-1 ni ndugu wa damu wa mafuta ya taa. Tofauti ni kwamba yamesafishwa na kupimwa kwa ukali zaidi. Tena viwango vya Jet A-1 haviweki sharti la namba ya seteni, yaani wepesi wa mafuta kushika moto yakibanwa. Kwa jeti hilo si kitu. Kwa dizeli ndilo jambo la kwanza kuuliza. Nina leseni ya urubani ya mtu binafsi, niliyoipata uzeeni kwa Cessna 172, ndege ndogo ya petroli, na chuo kimoja kilipoileta ndege hiyo Mombasa kwa siku chache ili wenye nia waijaribu, nikaweka jina langu mapema.

Ndege hiyo, DA40 NG ya kampuni ya Diamond, hutoka Wiener Neustadt, Austria. Ina viti vinne, mabawa marefu ya chini, na mwili wa nyuzi na gundi ngumu badala ya bati. Kwa hewa yetu ya chumvi, hilo la kukosa bati nalihesabu kuwa baraka. Injini yake, Austro AE300, asili yake ni dizeli ya gari la Mercedes-Benz, ile OM640: silinda nne, lita mbili kasoro kidogo, tabo ya kusukuma hewa ndani ya injini, mfumo wa komonreli (bomba moja la shinikizo linalolisha nozeli zote), maji ya kupooza. Inatoa nguvu farasi 168. Ile 172 niliyosomea inahitaji injini ya Lycoming ya zaidi ya lita tano ili itoe 160. Kifuniko kilipofunguliwa nikaona rejeta, nikaona intakula ya kupooza hewa ya tabo, nikaona gia boksi inayopunguza mzunguko kabla haujafika kwenye rafadha. Mwalimu wangu siku hiyo, binti wa Kisauni ambaye umri wake ni wa mwanangu wa pili, akaniona nimeinama kwa muda mrefu.

"Ami, tutaruka au tutafungua pampu?"

Nikamuuliza habari ya ulainishaji. Akanijibu kwamba injini ilipimwa na kupewa cheti kwa mafuta hayo hayo, na pampu yake ya shinikizo imetengenezwa kwa kuyajua. Jibu la kitabu, lakini ni jibu zuri. Pampu za malori yangu hazikuahidiwa mafuta ya taa; hii imeahidiwa.

Kuiwasha ni aibu kwa sisi tuliozoea kubembeleza kabureta. Swichi kuu ya injini, subiri taa ya hita plagi izime, na kwa joto la Port Reitz haikai, halafu zungusha ufunguo. Basi. Hakuna kusukuma petroli kidogo kidogo, hakuna wenzo wa mchanganyiko wa petroli na hewa, hakuna kukagua magneto, mitambo ya cheche, upande huu na huu. Kabla ya kuruka unabonyeza kitufe kimoja na kompyuta mbili za injini, A na B, zinajikagua zenyewe huku rafadha ikibadili pembe. Wenzo ni mmoja tu, na unasoma mzigo wa injini kwa asilimia.

Tulikuwa katika msimu wa kusi, kwa hiyo tulitumia njia ya kurukia namba 21, inayoelekea kusini-magharibi, upepo ukitupiga kutoka kushoto. Gurudumu la mbele halifungwi na kanyagio, linazunguka lenyewe, na unaelekeza kwa breki. Wanafunzi wa 172 watayumba mwanzoni. Usukani ni fimbo katikati ya mapaja. Tukavuka maji ya Port Reitz, madaraja ya Dongo Kundu yakabaki chini, tukafuata pwani hadi Tiwi na Diani huku Shimba Hills ikiwa kulia kwetu. Injini inanguruma kwa sauti nzito, ya chini, na mtikisiko mdogo kuliko nilivyotarajia. Mtikisiko unakuja ukiizima: inajikukuta mara moja kwa hasira, ikanyamaza.

Nilichokuja kukiangalia ni kioo cha mafuta. Katika mwendo wa kawaida wa mafunzo ilikuwa ikinywa lita 20 hivi kwa saa. Cessna 172 ya petroli hunywa lita 32 hadi 35. Zidisha kwa saa mia moja za mwanafunzi mmoja mmoja na uone lita elfu na mia kadhaa zinavyobaki.

Lakini kwa Mombasa hesabu ya lita si ndiyo inayonishawishi. Kinachonishawishi ni kwamba mafuta yenyewe yapo. Meli hushusha Jet A-1 Kipevu, mwendo mfupi kutoka njia ya kurukia, na bomba la kwenda Nairobi lipo tangu 1978. Panapotua ndege kubwa yoyote, mafuta haya yapo. Petroli ya ndege ni mtoto wa kambo. Haipiti kwenye bomba hilo, inaagizwa kidogo kidogo, na wateja wake ni wachache. Tena ina madini ya risasi (ledi) ndani yake, na hiyo risasi hutegemewa kutoka kampuni moja ya Uingereza, Innospec. Ulaya tayari imeibana kisheria tangu Mei 2025, na Marekani inapanga kuachana nayo ifikapo 2030. Wakati wa kusomea leseni nilikuwa nikifika uwanjani na nguo zimepigwa pasi, naambiwa mafuta hayajafika, turudi wiki ijayo. Msambazaji simtaji. Mwanafunzi anayekaa wiki mbili bila kuruka anarudi nyuma masomo matatu, na analipa mwenyewe.

Mbona basi dunia nzima haijahamia dizeli? Kwa sababu historia yake ina makaburi. Wa kwanza kuifanya kwa wingi alikuwa Thielert wa Ujerumani, aliyechukua injini ndogo ya Mercedes A na kuitia ndani ya ndege, pamoja na DA40 za mwanzo. Ziliuzwa sana vyuoni. Gia boksi ilipaswa kukaguliwa kila saa 300, na dhamana ya kampuni ndiyo iliyofanya hesabu ziingiane. Aprili 2008 kampuni ikafilisika, dhamana zikafa nayo, na vyuo vikabaki na ndege nzima zisizo na vipuri vya bei ya kueleweka. Cessna waliokuwa wametangaza 172 ya dizeli mwaka 2007 kwa injini hiyo hiyo wakaifuta. Wakajaribu tena mwaka 2014, injini sasa ikiwa ya Continental ya farasi 155, maana mali za Thielert zilinunuliwa na Wachina wa AVIC mwaka 2013 na kuwekwa chini ya jina la Continental. Cheti kikapatikana 2017. Mwaka uliofuata wakaiondoa sokoni. Kampuni iliyokwisha uza Cessna 172 zaidi ya 44,000 imeshindwa kuuza ya dizeli, nawe huoni ajabu ukikumbuka kwamba Marekani petroli ya ndege iko karibu kila kiwanja.

Diamond walifanya lililo la busara: walianzisha kiwanda chao cha injini, ndiyo hiyo Austro. Piper wana Archer DX yenye injini ya Continental, na Tecnam wa Italia walitangaza P2010 ya dizeli ya farasi 170 mwaka 2020. Kwa hiyo soko lipo, ila limehamia kwa watu wa Ulaya na Asia, ambako petroli ni ghali au haipo. Sisi tuko upande huo wa ramani. Mtu wa Wilson, Nairobi, ataongeza hoja nyingine: uwanja wao uko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari, na pale 172 isiyo na tabo hupanda kwa kuhema. Sisi wa pwani tabo hatuihitaji sana, tunailipia tu.

Umeme ndio unaonikosesha usingizi. Injini hii bila umeme haiwaki wala haiendelei. Machi 2007, huko Speyer, Ujerumani, DA42, ndugu ya DA40 yenye injini mbili, ilikuwa na betri iliyokufa, ikawashwa kwa umeme wa nje, ikaruka. Rubani alipokunja magurudumu, umeme ukashuka kwa kitambo kidogo, kompyuta zikajizima na kuwaka upya, rafadha zote mbili zikasimama. DA40 NG haikunji magurudumu, na ina betri ya akiba kwa ajili ya kompyuta tu, kwa hiyo somo lilisikika. Lakini mimi nimeona chumvi ya Mombasa inavyokula soketi za malori yanayolala Kilindini. Nikiwa na chuo, kila soketi ya umeme chini ya kifuniko ingefunguliwa na kupanguswa kabla ya tarehe ya kitabu. Magneto ya Lycoming ni kizee, lakini kizee kinachojitegemea.

Joto nalo. Paa la kioo linafunguka mbele, na kabla ya kuruka ukilifunga saa sita mchana ni kama kukaa ndani ya kabati la kioo la muuza mahamri. Tulitembea ardhini tukiwa tumeliacha wazi kidogo, na nikatoka na fulana iliyolowa. Kwa somo la kutua na kuruka tena na tena, ambapo mtu hapandi kwenye hewa baridi, hili si dogo.

Wapo wanaosema mwanafunzi wa wenzo mmoja ataharibika, hatajua mchanganyiko wala joto la kabureta. Nusu nakubali. Akienda kurusha Cessna 206 ya mwenye hoteli, atahitaji kufundishwa upya. Lakini vijana wetu wengi wanaota Cessna Caravan za safari, na ile ina tabini, injini ya aina ya jeti inayozungusha rafadha, inanyweshwa Jet A-1, mchanganyiko haina. Kwao DA40, yenye vioo vya kompyuta vya Garmin G1000 mbele, iko karibu zaidi na kazi kuliko 172 ya mwaka 1978 yenye saa za mishale.

Bei ndiyo itakayoamua. Mpya hukaribia au kupita dola nusu milioni. 172 kuukuu ni sehemu ndogo ya hiyo. Mtu wa kuruka Jumapili asijisumbue, hatarudisha pesa yake maishani. Chuo chenye wanafunzi wa kutosha kuirusha asubuhi na jioni, hapa Mombasa, naona kinaweza. Ila kiingie kikijua jinsi injini hizi zinavyozeeka. Lycoming ikifika saa 2,000 inafunguliwa, inajengwa upya, na mafundi wa Kenya wanaijua kama sala. Continental za dizeli hazijengwi upya, zinang'olewa na kuwekwa nyingine, na Austro hurudishwa kiwandani kwao. Kwa fundi kama mimi hilo linauma kidogo, nakiri, lakini kwa mwenye ndege linauma mfukoni.

Ukitaka kuijaribu, omba saa ya asubuhi, vaa kofia, na mwambie mwalimu uzito wako wa kweli. Wakala aliyekuwa akiitembeza nilimuuliza jambo moja tu: gia boksi ikikataa leo, nyingine itatoka wapi, na ndege italala chini muda gani. Alisema ataniandikia. Barua pepe hiyo haijaja. Mpaka ije, pesa za chuo ningezitoa kwa DA40 moja, zisizidi hapo, na 172 ya petroli ningeiacha ikifanya kazi kando yake.