TAHADHARI: Muuza vifaranga vya mwatiko anayekuuzia ugonjwa, kisha dawa

Wafugaji wa Kigamboni, Mbweni mpaka Mkuranga, kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp akiuza vifaranga vya samaki aina ya mwatiko. Anajiita daktari wa samaki. Mimi ameshanipiga.

Tulikutana Feri. Vifaranga 600 kwenye mifuko ya oksijeni, shilingi 300 kila mmoja, eti wametoka kituo cha kuzalisha Unguja. Karatasi sikuomba. Jina lililotokea nilipotuma pesa halikuwa lile alilonitajia, na hilo nalo nikalipuuza.

Siku ya nne wakaanza kujikwaruza kwenye kingo za bwawa na kurukaruka. Nikamtoa mmoja: ute mzito, magamba yamenyofoka, vidudu bapa vinatambaa mgongoni. Chawa wa samaki. Nikampigia huyohuyo aliyeniuzia (ujinga wangu), kumbe hapo ndipo biashara yake ilipo. Saa moja haijaisha, boda kaniletea "dawa ya vimelea vyote, unatia mara moja tu": chupa ya maji ya kunywa iliyobanduliwa lebo, 45,000. Nikamwaga yote. Mzee jirani alipoziona chenga za bluu zilizobaki chini ya chupa akazitambua palepale: mrututu (salfeti ya shaba), uleule ambao bibi zetu walitia kwenye vidonda.

Mrututu hutumika kwa samaki, sikatai, lakini kwa kipimo, si kumwaga tu bwawani. Mwatiko wa bwawani anakula utando wa mwani ulioota chini. Shaba ikaua mwani, mwani ukaoza, oksijeni ikaisha. Alfajiri ya pili samaki wote wako juu wanatweta. Nimebaki na 70 hivi, na chawa wao.

Ukienda kununua, beba beseni jeupe lenye maji yasiyo na chumvi. Tia vifaranga watano kwa dakika tano, mwatiko anayavumilia. Minyoo bapa ya ngozini (vimelea vingine, si chawa), ambayo kwenye maji ya bahari huioni kwa kuwa inapitisha mwanga, hugeuka nyeupe na kudondoka. Mayai yake hayafi kwa maji hayo, ndiyo maana tiba hurudiwa, na "mara moja tu" ni uongo. Uliowanunua watenge wiki mbili kabla ya kuwachanganya na wengine. Dawa isiyo na lebo wala namba ya usajili wa TMDA (mamlaka ya dawa), mrudishie boda. Samaki akiugua, waulize TAFIRI (taasisi ya utafiti wa uvuvi) pale Kunduchi.

Jana nimemkuta grupu jingine, namba mpya, picha zilezile: mifuko mitano juu ya toroli la bluu.