Uzoefu wangu: mafunzo ya sabuni za mwani kwa wakulima wanawake, Unguja

Kilimo cha mwani kilianza kibiashara Zanzibar mwaka 1989, na wengi wa wakulima wake ni wanawake, ambao huuza mwani mkavu kwa bei inayopangwa na mnunuzi. Nilijiunga na mafunzo ya sabuni yaliyotolewa na kikundi kimoja cha pwani ya mashariki ili nisiitegemee bei hiyo peke yake.

Kilichonipendeza zaidi ni ratiba. Mkulima wa mwani huingia shambani wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali; walimu walilizingatia hilo wakaweka masomo siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana, na hivyo hakuna aliyelazimika kuacha kamba zake za mwani kwa ajili ya darasa. Semina nyingi zilizowahi kutufikia hazikuulizia kabisa kalenda ya bahari.

Ufundi ulifundishwa barabara. Kila kitu kilipimwa kwa mizani wala si kwa kikombe, kwa kuwa kilo moja ya mafuta ya nazi huhitaji takriban gramu 175 za kostiki soda, nayo ikizidi sana sabuni huchoma ngozi. Tulizoezwa kuvaa glavu na miwani, kutia soda ndani ya maji na kamwe si maji juu ya soda, na kuepuka sufuria za alumini, ambazo soda huzila. Mwani uliosuuzwa kwa maji matamu, ukaanikwa na kusagwa, ulitiwa kwenye mchanganyiko wa sabuni pamoja na mafuta ya karafuu au mchaichai, kisha sabuni ikaachwa ikomae kwa wiki nne hadi sita.

Somo la gharama, kwa bahati mbaya, lilipitiwa juu juu. Mfano tuliopewa ulihesabu mafuta, soda na karatasi za kufungia, ukauchukulia mwani wetu na saa zetu za kazi kuwa ni bure, na bei iliyopatikana ilikaribiana na ya sabuni ya kiwandani. Utaratibu wa kuomba alama ya ubora ya ZBS (Taasisi ya Viwango Zanzibar) nao uliguswa siku ya mwisho tu, ilhali ndiyo iliyoulizwa kwanza nilipopeleka sabuni hotelini.

Kwa walio katika vikundi nayapendekeza bila kusita. Aliye peke yake aulize kwanza kama ataruhusiwa kutumia mashine ya kusagia baada ya mafunzo. Sisi tuliruhusiwa, na kwangu hilo lina thamani kuliko cheti.