Uzoefu wangu: maduka ya sanaa na vitu vya kale, Mji wa Kale wa Lamu

Ukitoka Malindi na gari lako, utaliacha Mokowe upande wa bara, uvuke kwa boti, na kuanzia hapo ni miguu yako tu. Kwa sisi tunaopenda kuchungulia maduka hiyo ni neema. Mengi yako kwenye Usita wa Mui, njia kuu inayopita nyuma ya nyumba za pwani, na katika vichochoro vinavyochepuka kutoka hapo. Ukisikia kwato nyuma yako, jibanze ukutani punda apite.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: anza na Makumbusho ya Lamu, maduka yafuate. Ukishatazama kwa makini samani za zamani, njumu zake (vipande vya mapambo vilivyopachikwa kwenye mbao) na ususi wake, hakuna muuzaji atakayekuuzia maneno matupu.

Nilipotoka makumbusho niliingia kwa mzee mmoja mchongaji, upande wa Langoni. Alikuwa na kiti cha enzi mlangoni, kirefu cha mgongo, kizuri mno. Nikamuuliza umri wa kiti. Hakusema kitu kwanza. Alikipindua, akanionyesha chini: mbao bado ina rangi mbichi, kingo kali hazijalainishwa na mikono ya watu, na njumu ni za mfupa wa ng'ombe, si pembe ya ndovu. "Hiki kipya, mwanangu. Nimekichonga mwaka jana. Cha zamani ningekuwa nacho, kingekaa nyumbani kwangu." Nilimwamini kwa kila kitu alichoniambia baada ya hapo, na kwa duka lake natoa nyota tano bila kusita.

Duka jingine lilinikera. Muuzaji alinionyesha fremu ya mlango wa nakshi, akaapa ina miaka zaidi ya mia, kisha akaniambia atajua namna ya kuitoa nchini "bila usumbufu". Tafadhalini, msikubali. Kwa sheria ya Kenya, mlango au fremu iliyochongwa kabla ya 1946 ni kitu kinacholindwa, na kifaa kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895 huhesabiwa kuwa cha kale. Kukitoa nje kunataka kibali. Tena kila mlango unaong'olewa unaacha nyumba ya watu na tundu. Mji huu uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001 kwa sababu nyumba hizo bado zimesimama na milango yake. Nilitoka nimekasirika kweli.

Kama unataka nakshi, agiza mpya. Mafundi wapo, tena hodari, na wanapokea oda kwa vipimo vyako. Uliza mbao: mbambakofi ni nzito na bei yake iko juu, mwembe ni nafuu lakini usiutegemee kwa mlango wa nje.

Kilichonifurahisha zaidi ni masonara. Wanachukua vigae vya sahani za kale za Kichina, wanavikata na kuvisugua, kisha wanavizungushia fedha kuwa pete. Yangu ina nusu ya ua la samawati, petali tatu na ncha ya jani. Geuza pete utazame nyuma kabla ya kulipa, uhakikishe kigae kimeshikwa sawasawa na hakichezi.

Wapenzi wa michoro waende kijiji cha Shela, kama dakika 40 kwa miguu kufuata pwani. Kuna kazi zilizochorwa juu ya matanga makuukuu ya majahazi, mishono na viraka vyake vikiwa vimeachwa vilevile. Bei zimepanda kidogo kuliko mjini.

Nenda asubuhi au baada ya alasiri, maana mchana wengi hufunga, na Ijumaa usitarajie kitu mpaka watu watoke msikitini. Kupatana bei ni kawaida. Salimia kwanza, kaa barazani, kahawa ikija kunywa.