Ngoma ya wakulima katika Kijiji cha Utamaduni cha Korea, Yongin: uzoefu wangu

Nililipa kiingilio cha Kijiji cha Utamaduni cha Korea, kilichofunguliwa mwaka 1974 huko Yongin, kusini mwa Seoul, kwa sababu ya ngoma ya wakulima tu, yaani nongak, uchezaji wa kundi unaoambatana na vyombo vya kupigwa, ile iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2014. Nyumba za kale ni nzuri, lakini wengine wamekwisha kuzieleza.

Anayeongoza ni mpiga kkwaenggwari, upatu mdogo wa shaba wenye sauti kali inayopenya vyombo vyote. Akibadilisha pigo, kundi zima humfuata papo hapo. Jing, upatu mkubwa, hupigwa kwa rungu lililoviringwa kitambaa na kuacha mvumo mrefu, na buk, ngoma yenye umbo la pipa, hutoa vishindo vizito. Wapiga janggu, ngoma yenye kiuno chembamba inayofungwa mwilini, hushika fimbo yenye kichwa cha duara mkono wa kushoto na kijiti chembamba cha mwanzi mkono wa kulia, kisha huzunguka na kurukaruka pasipo kupoteza pigo hata moja.

Kilichonistaajabisha zaidi ni wale waliovaa sangmo, kofia yenye utepe mrefu mweupe utosini. Kwa mbali nilidhani kazi yote hufanywa na shingo; niliposogea karibu niliona kwamba nguvu hutoka magotini, kwa maana kila goti linapokunjwa na kunyooka ndipo utepe huchora duara lake, na mchezaji yuleyule anaendelea kupiga kigoma chake cha mkononi. Hapo ndipo utaelewa kwamba kwao kupiga na kucheza ni kitendo kimoja.

Nimeona pia samulnori, mtindo ulioanzishwa Seoul mwaka 1978 na Kim Duk-soo na wenzake, ambapo kkwaenggwari, jing, buk na janggu hupigwa jukwaani, kwa kawaida wapigaji wakiwa wameketi. Ufundi wake wa mapigo ni wa hali ya juu sana, ila ukumbi nilioingia ulifungulia vipaza sauti kupita kiasi, hata mvumo wa jing ukapotea kabisa.

Anayekwenda Yongin aulize ratiba ya onyesho mara tu anapoingia, awahi kusimama mbele, na awazibe watoto wadogo masikio, maana kkwaenggwari kwa karibu huumiza.