Upange wapi kwenye reli ya Chuo, Tokyo: anza na ratiba ya Jumapili

Kila msimu wa kuhama ukiisha, yaani baada ya Machi, hunifikia malalamiko ya aina moja kutoka kwa Waswahili wenzangu waliohamia Tokyo. Mwaka huu lililoniuma zaidi ni la dada mmoja anayefanya kazi ya mapokezi kwenye hoteli karibu na stesheni ya Tokyo. Alipanga chumba Koenji, mtaa wenye stesheni ya reli ya Chuo. Alikwenda kukiona chumba siku ya Jumanne, akapanda treni ya chungwa pale pale Koenji kurudi mjini bila kubadilisha chochote, akaridhika, akasaini. Jumapili ya kwanza ya zamu yake alisimama kwenye jukwaa lile lile, na treni za chungwa zikawa zinampita moja baada ya nyingine bila kupunguza mwendo. Alifika kazini amechelewa, na bosi wake hakutaka maelezo.

Dalali alijua. Kila dalali wa mitaa ile anajua. Treni ya haraka ya Chuo, ile ya chungwa inayoitwa kaisoku, husimama Koenji, Asagaya na Nishi-Ogikubo siku za kazi tu. Jumamosi, Jumapili na sikukuu huzipita zote tatu. Zinabaki treni zinazosimama kila kituo: za manjano, na zile zinazoingia reli ya chini ya ardhi ya Tozai. Japani ina sikukuu 16 za kitaifa kwa mwaka. Ukizijumlisha na wikendi zote unapata karibu theluthi ya mwaka. Theluthi ya mwaka stesheni yako haina treni uliyoilipia kodi, na tangazo la nyumba halisemi neno.

Kwa hiyo mwongozo huu haugusi mambo ambayo kila mtu atakwambia: duka la karibu, usalama, ukubwa wa chumba. Usalama kwenye reli hii ni mzuri kote, na maduka yapo kote. Mimi nataka ujue treni gani inasimama kwako, siku gani, na ikikwama unatokea wapi.

Kwanza ujue reli yenyewe. Kutoka Tokyo hadi Takao, treni ya chungwa inapita Shinjuku kisha inakwenda magharibi, na kati ya Higashi-Nakano na Tachikawa reli imenyooka karibu kabisa kwa zaidi ya kilomita 20. Kutoka Nakano hadi Mitaka kuna njia nne: mbili za chungwa, mbili za manjano, na kila rangi ina jukwaa lake. Njia hizo nne zilifika Ogikubo mwaka 1966 na Mitaka mwaka 1969. Wakuu wa reli wa wakati huo walitaka treni ya haraka iziruke zile stesheni tatu, zote za wilaya ya Suginami, wenyeji wakakataa, na mapatano yaliyofikiwa ndiyo tunayoishi nayo mpaka leo. Juu ya hiyo kaisoku kuna ya haraka zaidi, tokubetsu kaisoku, ambayo ikitoka Shinjuku husimama Nakano, Mitaka, Kokubunji na Tachikawa, kisha kila stesheni hadi Takao. Hailipiwi nyongeza, na pasi yako ya mwezi inafaa kwa zote.

Wapo watakaosema treni ya manjano si mbaya, na kwa anayekwenda Shinjuku ni kweli, unapoteza dakika chache tu. Tatizo ni kwa anayevuka Shinjuku. Kati ya Shinjuku na Ochanomizu treni ya chungwa husimama Yotsuya peke yake. Ya manjano husimama Yoyogi, Sendagaya, Shinanomachi, Yotsuya, Ichigaya, Iidabashi na Suidobashi, na wala haifiki stesheni ya Tokyo. Inageukia Akihabara na kuendelea hadi Chiba. Utabadilisha Nakano kwa kupanda na kushuka ngazi, au uvumilie hadi Ochanomizu, ambako unavuka jukwaa tu. Na nani anafanya kazi Jumapili katika mji huu? Ni sisi. Hoteli, migahawa, nyumba za wazee, maghala, wanafunzi wenye vibarua. Mjapani wa ofisini anaweza kuishi Asagaya miaka kumi asiumizwe na jambo hili, kwa sababu Jumapili anatoka saa tano kwenda kula. Wewe zamu yako inaanza saa moja asubuhi.

Mtaa ninaouweka wa kwanza ni Mitaka, na siufichi upendeleo wangu. Treni ya chungwa na ile ya haraka zaidi zinasimama pale kila siku ya mwaka, isipokuwa chache maalumu za asubuhi siku za kazi. Halafu ndipo treni za manjano zinapoanzia safari, pamoja na zile zinazoingia moja kwa moja kwenye reli ya chini ya ardhi ya Tozai. Ukiwa na kazi Otemachi au Nihombashi, unapanga foleni nyuma ya alama za sakafuni, treni inafungua milango ikiwa tupu, unakaa, unafika bila kubadilisha. Kukaa asubuhi kwenye Chuo ni jambo la kulipia, maana anayepandia Ogikubo saa mbili kasorobo anasimama kifua kwa mgongo na wenzake. Wikendi faida haipungui. Anayekwenda Tokyo anachukua ya haraka zaidi, kama dakika kumi na tano yuko Shinjuku, na anaendelea kwenye treni ile ile.

Mitaka ina mengine ninayoyapenda. Pembeni ya stesheni unapita mfereji wa Tamagawa Josui, uliochimbwa mwaka 1653 kuleta maji mjini Edo, jina la zamani la Tokyo, na ukiufuata kwa miguu chini ya miti unafika bustani ya Inokashira na jumba la makumbusho la Ghibli, studio ya filamu za katuni. Kichijoji ni stesheni inayofuata. Masoko yake yote unayapata kwa miguu au baiskeli bila kulipa kodi yake. Kasoro ya Mitaka ni upana wake: mji unasambaa sana kusini, na matangazo mengi ya bei nzuri yana mstari mdogo unaosema dakika kadhaa kwa basi. Usome mstari huo. Basi la asubuhi siku ya mvua si usafiri wa mtu mwenye kadi ya kugonga kazini.

Ya pili ni Ogikubo, na kuna watu ningewaambia waifanye ya kwanza. Treni ya chungwa inasimama kila siku, ingawa ile ya haraka zaidi inapita. Nguvu ya Ogikubo ni Marunouchi. Reli hiyo ya chini ya ardhi inaanzia pale tangu mwaka 1962, ni ya kampuni nyingine kabisa, na inapita Shinjuku, Ginza, Tokyo na Otemachi. Chuo hukwama. Mtu akigongwa, upepo ukivuma, mlango wa kivuko ukileta matatizo, bodi inaandika kuchelewa na watu wanajaa hadi kwenye ngazi. Siku hiyo mkazi wa Ogikubo anashuka ngazi za upande wa pili, anaingia treni nyekundu inayosubiri, anapata na kiti. Anayeishi Musashi-Koganei, yenye reli ya Chuo peke yake, anabaki akisubiri karatasi ya uthibitisho wa kuchelewa.

Nakano naiweka ya tatu kwa shingo upande. Kwa treni haina mpinzani: chungwa, manjano, ya haraka zaidi, na Tozai inaanzia pale. Shinjuku iko karibu mno. Lakini kodi imeshajua hayo yote, na kaskazini ya stesheni eneo lote linangojea ujenzi mpya tangu ukumbi wa Nakano Sunplaza ulipofungwa mwaka 2023. Ukipata chumba cha zamani chenye bei ya zamani, chukua. Jengo jipya karibu na stesheni utalipa jina kuliko nafasi.

Kokubunji ni ya nne, kwa mtu anayetaka nafasi zaidi na bado akaheshimiwa na ratiba. Ya haraka zaidi inasimama, Shinjuku ni kama dakika ishirini na kitu, na kuna reli mbili za kampuni ya Seibu zinazotoka pale. Jirani yake Kunitachi ni pazuri zaidi kwa macho, na barabara yake pana ya micheri inayopita Chuo Kikuu cha Hitotsubashi, na tangu mwaka 1952 sehemu ya mji ni eneo la elimu ambako kumbi za kamari haziruhusiwi. Mwenye watoto aende akapaone. Lakini ya haraka zaidi inaipita Kunitachi, na kwa mwongozo huu hilo linatosha kuishusha.

Kichijoji mnaniuliza kila wakati. Ni pazuri, sibishi. Bustani ya Inokashira iko wazi kwa umma tangu mwaka 1917, na reli ya Keio Inokashira inakupeleka Shibuya moja kwa moja. Kama kazi yako iko Shibuya, basi Kichijoji ni chaguo la akili. Kwa wengine wote, unalipa umaarufu. Jina lake limekuwa likitajwa miaka mingi kwenye orodha za mitaa inayotamaniwa, na wenye nyumba wanazisoma orodha hizo. Na pamoja na bei yote hiyo, treni ya haraka zaidi haisimami. Inasimama Mitaka.

Sasa zile tatu za Suginami. Sisemi usiishi. Asagaya ina soko refu lenye paa linalopambwa kila Agosti kwa sherehe ya Tanabata, Koenji ina ngoma za Awa Odori zilizoanza mwaka 1957 na nguo za mitumba kila kona, Nishi-Ogikubo ina utulivu na maduka ya vitu vya kale. Ila ukichagua moja, chagua upande. Kusini ya Koenji, ukielekea barabara kuu ya Ome Kaido, kuna stesheni ya Shin-Koenji ya reli ya Marunouchi. Kusini ya Asagaya kuna Minami-Asagaya ya reli hiyo hiyo. Chumba kilicho kati ya stesheni yako ya Chuo na ile ya Marunouchi kinakuondolea tatizo la Jumapili kabisa, na aghalabu hakigharimu zaidi. Chumba cha kaskazini hakina msaada huo. Nishi-Ogikubo haina njia hiyo upande wowote, kwa hiyo mwenye zamu za wikendi aiache.

Hachioji na Takao: kodi ni ndogo kweli, na treni ya haraka zaidi inasimama. Lakini Takao hadi Shinjuku ni takriban saa nzima ukihesabu kusubiri. Tangu Machi 2025 treni za chungwa zina mabehewa mawili ya ghorofa yenye viti vizuri, na yanalipiwa nyongeza kila safari. Ukiyapanda kila siku, unafuu wa kodi unaliwa. Tachikawa ndiyo ya nafuu ninayoweza kuitetea, kwa sababu ina reli ya Nambu na monoreli ya Tama kama njia za kutokea.

Kabla hujasaini, fanya jambo moja ambalo dalali hatakuomba ufanye: nenda ukakione chumba Jumapili, kwa treni, saa ile ile utakayokuwa unatoka kwenda kazini. Tembea kutoka jukwaani hadi mlangoni. Dakika za tangazo zinahesabiwa mita 80 kwa dakika, bila taa za barabarani, bila kilima, bila ngazi za ndani ya stesheni. "Dakika saba" kwa mtu aliyebeba mtoto au mifuko ya soko ni kumi na mbili.

Na nikifika kwa madalali nashindwa kunyamaza. Tuchukulie kodi ya yen 80,000. Amana ya mwezi mmoja, 80,000. Reikin, pesa ya shukrani kwa mwenye nyumba ambayo hairudi, 80,000. Dalali, mwezi mmoja na kodi ya serikali, 88,000. Kampuni ya udhamini, nusu mwezi, 40,000. Kodi ya mwezi wa kwanza, 80,000. Umefika yen 368,000 na bado bima, kufuli jipya, na "huduma ya saa 24" ambayo hukuiomba. Baada ya miaka miwili aghalabu unalipa mwezi mwingine kwa kuongeza mkataba. Sheria inasema sehemu ya dalali kutoka kwa mpangaji ni nusu mwezi, isipokuwa mpangaji akubali zaidi. Kukubali huko kumefichwa kwenye karatasi unazosainishwa haraka, kwa Kijapani kizito, huku ukiambiwa kuna mwingine anakitaka chumba. Na hapo ni baada ya kupigia simu wenye nyumba ambao wakisikia jina lako wanasema chumba kimeshachukuliwa. Mtu anayepokea pesa yote hiyo anashindwaje kusema sentensi moja kwamba Jumapili treni haisimami?

Ukichoka nao, kuna nyumba za UR, shirika la umma la makazi. Hawachukui pesa ya shukrani, hakuna dalali, hakuna mdhamini, hakuna malipo ya kuongeza mkataba. Wanataka amana ya miezi miwili na uthibitisho wa kipato au akiba, na mgeni mwenye kibali cha ukaaji wa muda wa kati au mrefu anaruhusiwa kuomba. Majengo yao mengi yako mbali kidogo na stesheni. Sun Varie Sakurazutsumi, kaskazini ya Musashi-Sakai, ni mahali pa kuanzia: utahitaji basi au baiskeli hadi stesheni, lakini treni ya chungwa inasimama Musashi-Sakai kila siku, Jumapili ikiwemo, na ukitaka ya haraka zaidi unabadilisha Mitaka, kituo kimoja tu mbele.