Kuchora kiganja: kwa kutazama picha ya simu au mkono wenyewe?

Kwa gharama ni sare: mkono unao, simu unayo. Picha inashinda kwa utulivu, maana muuza kahawa wa Mji wa Kale, Mombasa, hatakungoja umalize kidole gumba, ameshamimina, ameshaondoka. Lakini picha hudanganya. Kamera ikisogezwa karibu mno, kidole cha mbele huvimba kama ndizi, na kivuli kizito humeza vifundo. Mkono halisi unaugeuza, unaupapasa, unahisi mifupa (iko 27), unaona kidole gumba kina pingili 2, vingine 3. Ila ukishika penseli kwa wa kulia utachora wa kushoto tu, labda uweke kioo.

Una kazi ya mteja usiku huu? Chukua picha. Vidole vyako bado vinatoka kama soseji? Nenda kivukoni Likoni na penseli, utazame watu walivyoshika mizigo.